Mzee ana gauti, hospitali wamesema "epuka purini". Si ndo herufi za RNA hizo? Sasa ale nini?

BintiKibosho ameandika:

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Mi nasoma PCB form six, sa hivi niko likizo nyumbani Kibosho. Juzi Jumamosi usiku wa manane mzee kaamka anagugumia, kidole gumba cha mguu wa kulia kimevimba chekundu kinang'aa kama nyanya, yaani hata shuka likimgusa anaruka. Asubuhi tukashuka naye mjini Moshi na hiace, kapimwa damu, wakasema asidi ya yuriki iko juu, hii ni gauti, akapewa vidonge vya maumivu na kikaratasi kimeandikwa "epuka vyakula vyenye purini nyingi". Basi. Hamna aliyekaa chini kumweleza mzee purini ni mdudu gani.

Tumefika nyumbani akaniuliza mimi msomi wake. Na mimi kwa kujidai nikasema baba, purini ni adenini na guanini, zile herufi za DNA na RNA, nyuzi zinazobeba maelekezo ya seli, ziko kwenye kila seli ya kila kitu kilicho hai. Mzee akanitazama weee, akasema "kwahiyo nile mawe?" Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini, mi nimebaki natoa macho.

Sasa naomba mnisaidie maana nimegundua nilikariri tu. Kama purini ziko kwenye mchicha na maharage na ndizi, mbona wanakataza nyama? Na herufi za RNA zinageukaje kuwa asidi ya kuumiza kidole? Alafu na mimi kwenye mtihani nukleosidi na nukleotidi huwa nazichanganya kila mara, na lile swali la kwa nini RNA ina urasili badala ya thaimini nimelipigia ramli miaka miwili. Na mzee analima kahawa, anakunywa vikombe kama vinne kwa siku, kuna jirani kamwambia kahawa nayo ni purini aache. Ni kweli???

---

Chalii_Ngarenaro ameandika:

Aisee pole kwa mzee. Huku Arusha ukiacha nyama choma watu wanajua unaumwa sana au umefilisika hahaha. Nasubiri wataalam waje maana na mimi kidole kina historia yake.

---

FundiMaabara ameandika:

Dada pole sana, mzee atapata nafuu. Swali la mzee ni zuri kuliko maswali mengi ya mtihani, ngoja nijaribu, nitaandika kirefu mnisamehe.

Anza na vipande vitatu. Kuna besi, yaani adenini, guanini, sitosini au urasili. Hiyo ikiwa peke yake ni besi tu. Ukiibandika kwenye sukari ya ribosi inabadilika jina, adenini inakuwa adenosini, guanini inakuwa guanosini, sitosini inakuwa sitidini, urasili inakuwa yuridini. Hizo ndo nukleosidi. Ukiongeza fosfeti kwenye ile sukari ndo unapata nukleotidi. Mi nilikuwa nakumbuka hivi: nukleoSidi imeishia kwenye Sukari, nukleoTidi imefika mpaka kwenye fosfeTi. Ukikumbuka hiyo hutazichanganya tena mpaka unazeeka.

Sasa sukari yenyewe. Ribosi ina kaboni tano, na kaboni namba 2 ina OH inayoning'inia. Sukari ya DNA haina hiyo OH, imenyang'anywa oksijeni moja tu, ndo maana inaitwa deoksiribosi. Mtu aliyezitambua sukari zote mbili ni Phoebus Levene, ribosi mwaka 1909 na deoksiribosi 1929. Unaweza kusema oksijeni moja ni kitu gani bana, lakini ndo kila kitu. Ile OH imekaa jirani kabisa na fosfeti inayoshikilia uzi, mazingira yakiwa ya alkali inaigeukia ile fosfeti na kuukata uzi palepale. Yaani RNA imezaliwa na kisu chake mfukoni. DNA haina kisu, ndo maana inakaa miaka maelfu kwenye mifupa na RNA inaharibika mezani kwako.

Mi yameshanikuta. Nilikuwa najifunza kuchuja RNA, siku nzima nimehangaika, jioni nikaenda kuiangalia kwenye jeli nikakuta moshi tu, hamna bendi hata moja, yaani RNA yote imekatikakatika. Aliyekuwa ananifundisha akaniuliza uligusa mfuniko wa kichupa na mkono mtupu? Nikasema nilirekebisha kidogo tu. Akacheka. Kwenye ngozi yetu kuna enzaimu za kukata RNA, ribonukleazi, tena ni ngumu kufa, unachemsha zinapoa zinaendelea na kazi. Zile glavu maabara hazivaliwi kukulinda wewe tu, zinailinda RNA dhidi yako.

Urasili na thaimini: thaimini ni urasili iliyoongezewa kitawi kimoja cha methili, basi. Sasa sitosini ina tabia mbaya, yenyewe tu bila kuguswa inaweza kupoteza kile kikundi chake cha amini ikageuka urasili. Fikiria DNA ingekuwa inatumia urasili kama herufi halali, mafundi wa kukarabati wangejuaje hii urasili ni ya asili na hii ni sitosini iliyoharibika? Wasingejua. Kwahiyo DNA inaweka alama ya methili kwenye herufi yake halali, urasili yoyote isiyo na alama inang'olewa. RNA inaishi muda mfupi, nyingine dakika chache tu, haina haja ya gharama hiyo. Ukiandika hivyo kwenye mtihani hawakunyimi alama.

Nakuja kwenye kidole cha mzee, naenda kula kwanza.

---

BintiKibosho ameandika:

Kaka FundiMaabara Mungu akubariki, hiyo ya S na T nimeiandika ukutani. Ila sa nimepata swali jingine, mzee akila nyama zile adenini za ng'ombe zinaenda kukaa kwenye RNA ya mzee?

---

MangiWaUru ameandika:

Mimi nasema hivi, nyama sawa aache, lakini mbege asiguswe. Mbege ni ndizi na ulezi, ni chakula, wazee wetu wamekunywa na hawakujua gauti ni nini. Hizi bia za viwandani ndo zina makemikali.

---

FundiMaabara ameandika:

Nimerudi. Mangi nakuheshimu ila nakuja kwako baadae.

Dada, jibu ni karibu hapana. Purini za kwenye chakula nyingi zinavunjwa hukohuko kwenye ukuta wa utumbo zikageuka asidi ya yuriki, ni kidogo sana zinafika kwenye RNA ya mtu. Mwili unatengeneza purini zake wenyewe kuanzia chini kabisa, unachukua glaisini, glutamini, aspateti, kaboni dayoksaidi, unajenga ile pete mbili moja kwa moja juu ya ribosi. Na zile zilizochakaa unaziokota tena unazirudisha kazini maana kujenga upya ni gharama.

Sasa kwa nini ziko nyingi hivyo? Hapa ndo shule huwa inatuficha kitu. Tunafundishwa nukleotidi ni herufi, tofali za RNA, tukimaliza hapo tunafunga daftari. Lakini kazi ya herufi ni moja tu kati ya kazi zake. ATP, ile sarafu ya nishati ambayo wote tunaikariri kwenye kupumua kwa seli, hebu iangalie vizuri, ni adenini, ribosi, fosfeti tatu. Ni herufi A ya RNA hiyohiyo! Karl Lohmann aliipata kwenye misuli 1929, kabla hata watu hawajajua RNA inafanya kazi gani. Mwilini muda wowote una ATP kama gramu 100 hivi, lakini inavunjwa na kujengwa upya mfululizo, ukijumlisha ya siku nzima inakaribia uzito wako mwenyewe. Mzee akipanda na mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka bondeni ni herufi A hizo zinapokezana.

Na wenzake wa herufi G, U na C nao wana kazi za pembeni. GTP inasukuma ribosomu wakati wa kutengeneza protini. UTP inabeba glukosi kwenda kuhifadhiwa kama glaikojeni kwenye ini. CTP inatumika kutengeneza mafuta ya utando wa seli. Alafu ukichukua AMP, yaani ile ATP ikibaki na fosfeti moja, ukaikunja fosfeti yake ikashika sukari yake sehemu mbili, unapata AMP ya duara, hiyo ni mjumbe, Earl Sutherland alipewa Nobel 1971 kwa kazi hiyo. Mbwa akikukimbiza, adrenalini inagonga nje ya seli, ndani AMP ya duara ndo inatangaza habari sukari iachiliwe. Kipindupindu pia ni hiyohiyo: sumu ya yule bakteria inaufunga mtambo wa kutengeneza AMP ya duara ukiwa umewashwa, seli za utumbo zinamwaga chumvi na maji bila breki.

Kwahiyo purini zinazunguka mwilini kwa fujo na lazima kuwe na takataka. Sitosini na urasili ni pirimidini, zina pete moja, zikivunjwa zinatoa vitu vidogo vinavyoyeyuka vizuri, hamna shida. Adenini na guanini zina pete mbili, na mwili wa binadamu hauna enzaimu ya kumalizia kuzivunja. Zinapita kwenye hipozanthini, zanthini, mwisho asidi ya yuriki, hapo gari limefika stendi ya mwisho. Ng'ombe na mbuzi wana enzaimu inaitwa yurikezi inayoendelea mbele mpaka alantoini inayoyeyuka kirahisi. Sisi na sokwe tuna jeni yake lakini imekufa, iko pale kama gari bovu uani.

Ikizidi kwenye damu, kama miligramu 6.8 kwa desilita, inaanza kushindwa kuyeyuka na kugeuka fuwele kama sindano. Ukiziona kwa hadubini ni sindano kweli dada, ndefu na zina ncha, unaelewa kwa nini mtu mzima analia. Na fuwele zinapenda penye baridi, ndo maana kidole gumba cha mguu, mbali kabisa na moyo. Kibosho ya juu mwezi wa saba usiku miguu nje ya blanketi, jaza mwenyewe.

Mangi sasa. Sio kemikali za kiwandani, ni ile pombe yenyewe. Ini likishughulikia pombe linatumia ATP inaishia AMP, AMP inaishia yuriki. Pombe hiyohiyo inaongeza asidi ya laktiki kwenye damu, figo zikaacha kutoa yuriki vizuri. Na hamira ni seli hai zimejaa RNA, mbege ukiinywa na yale machicha umekunywa na hamira yake yote. Wazee waliumwa sana tu, Kiswahili kina neno jongo tangu zamani, lilikuwa la nani?

---

MangiWaUru ameandika:

Haya. Ila nimeumia.

---

MamaNesi_Sakina ameandika:

Marahaba mwanangu BintiKibosho, mpe baba pole. Mimi nimestaafu unesi, niko Arusha. Kijana wa maabara kaeleza vizuri kemia, acha mimi niseme ya jikoni na ya dawa.

Asile mawe. Yuriki nyingi, kama theluthi mbili, inatoka kwenye mwili wake mwenyewe na sio kwenye sahani, na wagonjwa wengi shida yao ni figo kutoitoa vya kutosha kuliko kula sana. Kwahiyo msimfanye aone kila kitonge ni dhambi. Vya kupunguza kweli ni maini, figo, utumbo, supu nzito za mifupa na nyama, kisusio (ile supu ya damu), dagaa, nyama nyekundu kwa wingi, pombe, na soda. Soda watu hawaamini, lakini ile sukari ya fruktosi ikifika kwenye ini inachoma ATP haraka na mabaki yake yanaishia palepale. Nyama ya maini ina purini nyingi kwa sababu ini lina seli nyingi zilizobanana na kila seli ina RNA tele, ndizi ni maji na wanga, seli ni chache kwa uzito huohuo. Ndo jibu la mzee hilo: ipo kila mahali lakini kipimo hakifanani.

Maharage, njegere, mchicha, uyoga vina purini kiasi lakini tafiti kubwa zilizofuatilia watu kwa miaka hazikuona vikileta gauti kama nyama na samaki. Maziwa yamesaidia kuipunguza. Ale kiburu chake cha ndizi na maharage na mtindi, anywe maji mengi. Mtori sawa, nyama iwe ya kunusia.

La pili mwanangu, angalia vidonge vingine anavyokunywa. Kuna dawa za presha za kukojoza, aspirini ya kila siku, na ile pirazinamaidi ya TB, zote zinazuia figo kutoa yuriki. ASIACHE MWENYEWE, arudi kwa daktari ataje zote. Na kama vipindi vinajirudia daktari anaweza kumuanzishia alopurinoli, inazuia ile enzaimu inayotengeneza yuriki, ni molekyuli iliyofanana na hipozanthini inaingia kwenye enzaimu inaiziba. Gertrude Elion na George Hitchings walipewa Nobel 1988, walitengeneza dawa nyingi kwa ujanja huohuo wa kufoji herufi. Asinunue tu dukani wakati kidole kimewaka, inaanzwa kwa utaratibu.

Huo ujanja wa kufoji nimeuona kwa macho yangu wodini. Nilianza kazi wakati hamna ARV, nikazika watu. Leo kile kidonge kimoja kwa siku, ndani kuna tenofovia ambayo ni adenini ya bandia, na lamivudini ambayo ni sitosini ya bandia. Kirusi kikiwa kinaandika DNA yake kinaokota herufi feki, haina pa kuunganishia ya mbele, uzi unakatikia hapo.

---

Chalii_Ngarenaro ameandika:

Shkamoo mama. Hapo kwenye soda umenimaliza kabisa, nilikuwa nimejisifia nimeacha bia nimehamia soda.

---

FundiMaabara ameandika:

Mama Nesi umemaliza, shikamoo. Naongeza mawili.

Kahawa: jirani kakosea ila kakosea kisomi. Kafeini kweli ni purini, ile pete mbili kabisa ikiwa na vitawi vitatu vya methili. Lakini mwili hauifikishi kwenye asidi ya yuriki yenyewe, inatoka ikiwa bado na kitawi kimoja au zaidi. Na tafiti kadhaa zimeona wanywaji wa kahawa wanapata gauti kidogo kuliko wasiokunywa. Mzee anywe, asijaze sukari tu. Na kinachofanya kahawa iamshe ni undugu huohuo. Ukishinda unafanya kazi ATP inatumika, adenosini inajikusanya kwenye ubongo, inakaa kwenye vipokezi vyake unaanza kusinzia. Kafeini inafanana nayo, inawahi kile kiti inakikalia, adenosini inabaki imesimama. Kwahiyo hata usingizi wa mzee ni herufi ya RNA isiyo na fosfeti. Nukleosidi, ile ya S!

La pili ni chanjo za mRNA za Uviko, yaani RNA inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini. Tatizo la mwanzo lilikuwa ukiingiza RNA ya maabara mwili unapiga king'ora unadhani ni kirusi. Katalin Karikó na Drew Weissman wakaonyesha 2005 kwamba ukibadilisha yuridini ukaweka pseudoyuridini, besi ileile ila imeshikwa na sukari kupitia kaboni badala ya naitrojeni, king'ora kinanyamaza. Mwili wenyewe huwa unaibadilisha hivyo kwenye RNA zake. Nobel 2023.

---

BintiKibosho ameandika:

Nimewasomea wote sebuleni kwa sauti, mzee kanyoosha mguu kwenye kigoda. Kahawa kafurahi mpaka kaagiza kikombe hapohapo. Mbege kanyamaza kama hajasikia. Dagaa ndo kalalamika, anauliza samaki kidogo hivyo anabeba purini wapi?

---

FundiMaabara ameandika:

Dagaa unamla mzima na ini lake na matumbo yake, alafu amekaushwa maji yote yameondoka, purini zimebaki zimejibana. Na mwambie ule mng'ao wa fedha kwenye ngozi ya dagaa ni fuwele za guanini, herufi G tupu imepangwa kama vioo. Guanini jina lake limetoka kwenye guano, mbolea ya kinyesi cha ndege, ndiko ilikopatikana mara ya kwanza miaka ya 1840. Ndege hawakojoi maji kama sisi, wanatoa takataka zao kama asidi ya yuriki. Ile rangi nyeupe juu ya kinyesi cha kuku ndo hiyohiyo iliyoko kwenye kidole cha mzee.

---

BintiKibosho ameandika:

Kaka hujui ulichofanya. Mzee kachukua tochi kaenda bandani usiku huu anachechemea na fimbo. Karudi anauliza, kama kuku wana hiyo kitu kila siku, mbona wao hawaumwi vidole?

---

MamaNesi_Sakina ameandika:

Wanaumwa. Mimi nafuga. Figo za kuku zikiharibika, au ukizidisha protini kwenye chakula, ukimchinja unakuta moyo na ini vimepakwa kama unga wa chaki, na wengine vifundo vya miguu vinavimba wanachechemea. Daktari wa mifugo akija anaiita gauti, jina lilelile. Sasa mwambie mzee arudi ndani avae soksi.